Fimbo ya Mbali Ndiyo Itufaayo Mbele ya Nyoka

Kila mwalimu wa Kiswahili nchini amewahi kuiandika ubaoni methali isemayo kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Huwaeleza wanafunzi kuwa msaada ulio mbali haumfai mtu aliyefikwa na haja ya ghafla, na kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu aliye ughaibuni. Maana hiyo ya ndani sina ugomvi nayo hata kidogo. Ninayogombana nayo ni ile maana ya nje, ambayo hakuna anayejishughulisha kuichunguza kwa kuwa yaonekana iko wazi mno: kwamba nyoka akionekana sharti auawe, na kwamba ili auawe ni lazima mtu amkaribie. Kijana aliyelelewa kwa maana hiyo akimkuta nyoka nyuma ya jiko la shule hawazi jambo jingine ila kutafuta fimbo. Na fimbo zinazopatikana karibu na majiko yetu aghalabu hazizidi urefu wa mkono wa mtu mzima.

Sasa na tupige hesabu. Swila atemaye mate huweza kuyafikia macho ya mtu aliye umbali wa mita mbili, na hata zaidi. Koboko akizingirwa huinua sehemu ya mbele ya mwili wake kutoka ardhini na kushambulia akiwa juu. Anayemwendea nyoka wa namna hiyo na kijiti cha kuchochea moto amekwisha kuingia katika eneo la adui kabla hajainua mkono.

Jambo hili si mzaha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka ulimwenguni, na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni takriban mara tatu ya wanaokufa. Ilipofika mwaka 2017, shirika hilo liliyaingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Neno hilo "yaliyopuuzwa" limechaguliwa vyema. Wanaoumwa ni wachungaji, wakulima wanaopalilia kwa mikono, watoto wanaookota kuni, na watu wanaolala sakafuni katika nyumba za udongo. Watu hao hawana mikutano ya waandishi wa habari.

Nianze basi na nyoka ambaye, kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa Kenya anapaswa kumjua kama ajuavyo herufi za alfabeti. Huyu ni kifutu, ambaye wengine humwita bafe na wengine moma. Ni nyoka mnene na mfupi, aghalabu hazidi mita moja, mwenye kichwa kipana na shingo nyembamba, na mgongoni ana michoro iliyopinda mithili ya herufi V iliyorudiwarudiwa kutoka shingoni hadi mkiani. Rangi yake ni ya majani makavu na mchanga, na hapo ndipo hatari ilipo. Nyoka wengi wakisikia kishindo cha miguu hujiondokea. Kifutu haondoki. Hutegemea rangi yake imfiche, akatulia tuli kando ya njia hata watu kumi wapite, mpaka yule wa kumi na moja amkanyage. Akiudhika hujaza hewa mwilini na kufoka kwa sauti nzito. Anayesikia sauti hiyo gizani na asimame hapo hapo alipo, ajue kwanza inatoka wapi, ndipo arudi nyuma.

Kifutu hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa uzazi mmoja. Jike mmoja wa asili ya Kenya aliwahi kuzaa watoto 156 katika bustani ya wanyama nchini Czech. Watoto hao huwa na meno na sumu tangu siku ya kwanza. Wazee waliosema kuwa mwana wa nyoka ni nyoka hawakukosea, nami nawasihi walimu waitumie methali hii kwa maana yake ya nje pia, maana watoto hupenda kuchezea vitoto vya nyoka kwa kuvidhania kuwa havijakomaa.

Swila ndiye wa pili. Humtambua kwa jinsi anavyojiinua na kutanua shingo ikawa pana. Wako swila weusi wenye mkanda mwekundu au wa waridi kooni, na wako wale wekundu wa nyanda kavu wenye utepe mweusi shingoni. Wako pia wakubwa wa rangi ya kahawia wanaopatikana pwani na katika maeneo makavu ya bara. Kuhusu hawa wa mwisho kuna kisa kinachostahili kusomwa katika madarasa ya sayansi. Kwa miaka mingi wataalamu waliwahesabu kuwa ni jamii ya yule swila mweusi, ila wametofautiana naye rangi tu. Marehemu James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu mwaka 1980, aliona kuwa huyu ni nyoka wa aina yake mwenyewe. Ashe alifariki mwaka 2004, na mwaka huo huo akapatikana Watamu mmoja mwenye urefu wa karibu mita 2.7. Mwaka 2007 wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walichapisha uthibitisho kwamba ni aina mpya, wakaiita Naja ashei kwa heshima ya Ashe. Huyo ndiye swila mkubwa kuliko wote watemao mate duniani. Iwapo nyoka wa kimo hicho aliishi miongoni mwetu bila kutambuliwa na mabingwa mpaka mwaka 2007, sioni kwa nini mtu wa kawaida ajione ana uhakika anapomtazama nyoka kwa nukta mbili tatu akiwa ametaharuki.

Aliyetemewa mate machoni asiyafikiche. Na aoshwe kwa maji safi mengi, yamiminwe polepole kwa dakika nyingi, kisha apelekwe hospitali hata kama maumivu yametulia, kwa sababu kidonda katika mboni kisipotibiwa huweza kumpofusha.

Wa tatu ni koboko, ambaye vijana wetu wamezoea kumwita mamba mweusi kwa kuufuata msamiati wa kigeni. (Nimewahi kusahihisha insha ambamo "mamba mweusi" alitambaa juu ya dari ya bweni, nikabaki kujiuliza alipandaje huko kutoka mtoni.) Jina hilo linapotosha kwa njia nyingine pia, kwa kuwa nyoka mwenyewe si mweusi. Ni wa kijivu, au kahawia, au rangi ya zeituni iliyofifia. Kilicho cheusi ni sehemu ya ndani ya kinywa chake, na atakayeiona sehemu hiyo amekwisha kukaribia mno. Ni mrefu na mwembamba, hufikia mita tatu na hata zaidi, naye hukaa katika vichuguu, mashimo ya miti na wakati mwingine katika mapaa. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Palipoumwa huenda pasivimbe sana, na hilo huwadanganya watu wakadhani kwamba mambo ni shwari. Baadaye kope huanza kulegea, mgonjwa hushindwa kumeza mate, kisha pumzi humwishia. Muda wa kufanya mashauri ya wazee haupo hapo.

Kuna kanuni inayozunguka madarasani kwamba nyoka mwenye kichwa cha pembetatu ndiye mwenye sumu. Kanuni hiyo huenda ikawafaa watu wa Ulaya, ambako nyoka hatari karibu wote ni wa ukoo wa kifutu. Kwetu ni mtego. Swila hana kichwa cha pembetatu, wala koboko hana. Kinyume chake, yuko nyoka mpole alaye mayai ambaye hana meno ya maana, naye akitishwa hubapa kichwa chake na kusugua magamba yakatoa sauti kama ya nyoka wa sumu. Huyo ndiye huuawa kila siku kwa sababu ya maigizo yake.

Rangi ya kijani nayo ina mkanganyo wake. Katika mikoko, miembe na mikorosho ya pwani yuko yule wanayemwita mamba wa kijani, ambaye sumu yake ni ya hatari. Katika mimea hiyo hiyo wako ukukwi, nyoka wembamba wa kijani wasio na madhara, na wenzao hupatikana hadi katika bustani za Nairobi wakiwinda vyura na mijusi. Isitoshe, yuko nyoka wa mitini mwenye macho makubwa kupita kiasi, ambaye dume lake mara nyingi huwa la kijani. Makaburu wa Afrika Kusini walimwita boomslang, yaani nyoka wa mti. Meno yake ya sumu yako nyuma kinywani, hivyo kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa hana hatari kubwa kwa binadamu.

Mwezi Septemba 1957 bustani moja ya wanyama mjini Chicago ilimpelekea Karl Patterson Schmidt, bingwa wa nyoka katika jumba la makumbusho la Field Museum, nyoka mdogo ili amtambue. Schmidt alimshika kwa mkono. Yule nyoka, ambaye alikuwa ni boomslang mchanga, alimuuma kwenye kidole gumba. Kwa kuwa nyoka alikuwa mdogo na jino moja tu ndilo lililozama, mzee huyo hakutafuta matibabu. Alikwenda nyumbani kwake, akaandika kwa makini kila dalili aliyoiona mwilini mwake, ikiwa ni pamoja na kutoka damu kwenye ufizi. Siku ya pili akafariki. Huyu alikuwa ni mtu ambaye vitabu vyake vilisomwa na wataalamu wenzake. Sumu ya boomslang huizuia damu isigande, na huchukua saa nyingi kudhihirika, kiasi kwamba mgonjwa huweza kujisikia mzima wa afya asubuhi nzima.

Kwa hiyo wanafunzi wanaponiuliza njia salama ya kumshika nyoka, jibu langu ni kwamba kwa mtu asiyefunzwa hakuna. Wameona kwenye video watu wakiwabana nyoka nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, nao hudhani hiyo ndiyo siri yenyewe. Lakini nchini mwetu yuko nyoka mdogo mweusi aishiye ardhini ambaye hujitokeza usiku, hasa baada ya mvua. Wataalamu humweka katika jenasi ya Atractaspis. Meno yake hutokeza ubavuni bila yeye kufungua kinywa, na akibanwa nyuma ya kichwa hugeuka kidogo tu akamchoma yule aliyemshika. Hata mafundi wa kazi hii hawamshiki kwa vidole. Tena hufanana sana na nyoka wengine wadogo weusi ambao hawana neno.

Sijasema haya ili watu wamwogope kila kitambaacho. Nyoka wengi wa Kenya hawana sumu ya kumdhuru mtu. Yule nyoka wa kahawia mwenye mstari mweupe unaopita juu ya jicho, ambaye huonekana ghalani na kwenye mapaa, anaishi kwa kula panya. Mkulima anayemuua, kisha akaenda dukani kununua sumu ya panya, amefanya hasara mara mbili.

Je, nyoka akiingia nyumbani? Aliyemwona na asimame, arudi nyuma taratibu, awatoe watoto na mifugo, lakini macho yabaki kwa nyoka akiwa mbali, maana nyoka aliyepotea ndani ya nyumba ni taabu kuliko anayeonekana. Akiwa chumbani, mlango wa ndani ufungwe na tambara lizibe upenyo wa chini, kisha waitwe watu wa kazi hiyo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina maofisa katika kaunti, na kule Watamu kituo cha Bio-Ken kimejulikana kwa kuwaondoa nyoka majumbani. Pale ambapo hapana wa kuitwa, mlango wa nje uachwe wazi, watu wakae mbali, naye apewe nafasi. Nyoka hana shauku ya kukaa na sisi. Alifuata panya, kifaranga, maji au kivuli.

Kutokana na hilo twaona kwamba kazi kubwa hufanywa kabla nyoka hajaja. Punje zilizomwagika huwaita panya, na panya humwita nyoka. Rundo la kuni, mawe au matofali lililoegemezwa ukutani ni nyumba ya bure. Nyasi zikatwe, matundu ya ukuta yazibwe, matawi yanayogusa paa yapunguzwe. Mafuta ya taa, vitunguu saumu na mipira ya magari inayochomwa huchafua hewa tu, wala hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba humfukuza nyoka. Anayelala na achomeke chandarua chini ya godoro pande zote, kwani swila huingia nyumbani usiku na kuwauma watu waliolala, hasa wale walio sakafuni. Na anayekwenda msalani usiku achukue tochi na avae viatu, baada ya kuvikung'uta.

Katika shule moja ya bweni ya Ukambani nilikofundisha, mvulana wa kidato cha pili aliumwa na kifutu kwenye kifundo cha mguu akitoka msalani. Tochi hakuwa nayo. Wenzake, kwa nia njema kabisa, waliufunga mguu kwa tai ya shule chini ya goti, wakaikaza kwa kijiti kama walivyokuwa wamesoma mahali fulani. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa. Gari lilipatikana alfajiri, na ile tai ilifunguliwa na daktari saa tisa baada ya kufungwa. Mvulana aliishi, lakini mguu ulikatwa. Hakuna awezaye kuapa kwamba ungepona kama usingefungwa. Hata hivyo, sumu ya kifutu huozesha nyama, na kukatiza damu isifike mguuni huku sumu imekusanywa mahali pamoja ni kuisaidia sumu hiyo kazi yake.

Usifunge kamba. Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa, usimnyweshe mgonjwa maziwa wala pombe. Lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni ni kipande cha mfupa uliochomwa, na linapong'ang'ania kidonda linanyonya unyevu wa damu tu. Sifa zake zimetokana na ukweli kwamba nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa, hivyo mgonjwa ambaye angepona hata kwa kuimbiwa hupona pia kwa jiwe.

La kufanya ni hili. Mgonjwa aondolewe pale alipo nyoka na atulizwe. Pete, bangili, saa na viatu vivuliwe kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao au fimbo ili kisichezecheze, bila kukazwa, kama mfupa uliovunjika. Mgonjwa abebwe, asitembezwe. Akianza kutapika au kulegea alazwe ubavu. Saa aliyoumwa iandikwe. Nyoka asifuatwe wala asipelekwe hospitali, kwa maana hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda. Ikiwa yupo mwenye simu aliye mbali na salama, picha yaweza kumsaidia daktari, lakini daktari hutibu pia kwa kutazama dalili.

Safari hiyo ni ya kufuata dawa. Hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijijengee kinga, kisha kinga hiyo husafishwa na kutiwa kwenye chupa. Kila dawa huwafaa nyoka wale tu ambao sumu yao, au sumu inayokaribiana nayo, ilitumiwa kuitengeneza. Iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haina nguvu ya kutegemewa dhidi ya koboko wa Kitui, na boomslang ana dawa yake peke yake itengenezwayo Afrika Kusini. Ni ghali, yahitaji kuhifadhiwa vizuri, na huweza kumletea mgonjwa mzio mkali, ndiyo maana hutolewa palipo na daktari wala haiwekwi katika sanduku la huduma ya kwanza la shule.

Kwa hivyo nawauliza walimu wakuu wa shule za bweni katika maeneo yenye nyoka wengi, Baringo, Kitui, Kilifi na kwingineko: ni hospitali ipi iliyo karibu nanyi ambayo ina dawa hiyo wiki hii? Simwulizi mtu kuhusu hospitali iliyo karibu kwa kilomita, bali iliyo na dawa. Swali hilo huulizwa kwa simu mwanzoni mwa muhula, si saa nane za usiku. Jina la hospitali na namba yake viandikwe kwa herufi kubwa mlangoni pa kila bweni na katika kibanda cha askari wa lango, na chini yake liandikwe jina la mtu mwenye gari aliyekubali kuamshwa.